Kombania ya Mwezini na Mlinzi Aliyejibu "Karibu"

Katika hadithi zote za vita vya angani, ninayoipenda zaidi ni ile ya kombania ya askari wasiofaa. Msingi wake haubadiliki sana: jeshi lina watu ambao kila kamanda amewachoka, linawakusanya mahali pamoja, linawapeleka kwenye kituo cha mbali kabisa, sayari yenye matope au mwezi usio na hewa, ambako hakuna mgeni wa heshima atakayewaona, kisha linawapa afisa ambaye naye ana doa katika faili lake. Mdokozi yumo, mwoga yumo, yumo asiyejua kulia na kushoto, yumo pandikizi la mtu anayechukia ugomvi, na mara nyingi wamo pia viumbe wa sayari nyingine ambao sare za jeshi hazikushonwa kwa idadi ya miguu yao. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hawa ndio watakaoshinda. Anachongojea ni kuona watashindaje, na hapo ndipo waandishi wanapoachana njia.

Mwandishi mvivu humcheka askari: anamwangusha, anampoteza njia, anamfanya ashike bunduki kwa mdomo wake, na baada ya kurasa hamsini msomaji amechoka kwa sababu mjinga akishakuwa mjinga hana jipya. Mwandishi hodari humwacha askari awe mtu mwenye akili zake timamu, halafu akaicheka amri. Jeshini kila kitu kimeandikwa, kuanzia namna ya kukunja blanketi hadi namna ya kuomba ruhusa ya kuzika, na aliyeandika alimfikiria askari ambaye bado hajazaliwa: askari asiye na mama, asiyeumwa jino, asiyesahau, asiye na kazi yoyote aliyoijua kabla ya kuvaa magwanda. Mtu halisi akitiwa ndani ya maandishi hayo, kicheko hujitokeza chenyewe. Baadhi ya waandishi wa Marekani waliouanzisha mkondo huu walikuwa jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia, na jambo hilo linaonekana katika kazi zao. Wanajua foleni ya bwaloni, na wanajua kwamba sehemu kubwa ya vita hupita katika kungoja saini ya mtu aliyetoka kidogo.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika hadithi yangu ya namna hiyo kwa Kiswahili, na wenzangu wa baraza ya kahawa hapa Mji wa Kale, Mombasa, huniuliza kwa nini nisiwaachie wenye roketi roketi zao. Swali hilo hunishangaza kidogo, kwa kuwa roketi zimewahi kuruka hapa hapa Pwani. Tarehe 26 Aprili 1967, Waitaliano walirusha setilaiti yao kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 jukwaa hilo hilo likatoa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Mahali hapo palichaguliwa kwa hesabu: ardhi iliyo karibu na ikweta huzunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa, roketi ikauchukua mwendo huo bila malipo, na upande wa mashariki kuna bahari tupu ya kupokea mabaki yanayodondoka. Roketi za mwisho ziliruka mwaka 1988. Kombania yangu nami nimeirusha kutoka Ngomeni, na sikuona haja ya kumwomba mtu radhi.

Lakini sababu iliyonipa nguvu zaidi ni beni. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, vijana wa Pwani yetu waliunda vyama vya ngoma vilivyoiga jeshi la Wazungu kwa kila kitu ila bunduki zenyewe. Walikuwa na tarumbeta na madebe, walivaa sare, walipiga kwata barabarani, na kila mwanachama alikuwa na cheo, kuanzia mfalme na jenerali hadi askari wa kawaida. Hapa Mombasa washindani wakubwa walikuwa Kingi na Scotchi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi waliieneza ngoma hiyo bara hadi Nyasaland, Malawi ya leo, na huko Tanganyika vyama vilivyovuma vilikuwa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo, kikatoka mwaka 1975, na wasomi bado wanabishana kama beni ilikuwa kuwaiga watawala au kuwadhihaki.

Mimi sioni kwa nini isiwe yote mawili. Hebu mfikirie mchukuzi wa bandarini ambaye mchana kutwa anaitwa kwa kupigiwa mbinja, halafu jioni anavaa koti lenye vishada na kuwa jenerali, na jenerali huyo anapigiwa saluti na kinyozi wake. Anaipenda saluti ile kwa dhati ya moyo. Papo hapo anajua, na kila anayetazama anajua, kwamba kama mchukuzi anaweza kuwa jenerali kwa kuvaa koti, basi yule jenerali mwingine aliyeko ndani ya ngome huenda naye ni koti tu. Katika hadithi za kombania za wasiofaa nilizosoma, sijaona mzaha ulioukaribia huo kwa ukali, na mababu zetu waliufanya barabarani kwa miguu yao. Ndiyo maana kombania yangu ina bendi. Haina mizinga, ina bendi, na mpiga tarumbeta wake amelazimika kuizoea hali ya kwamba nje ya kituo hakuna hewa ya kuibeba sauti, hivyo amri zinazotolewa kwa tarumbeta huonekana tu kwa namna mashavu yake yanavyovimba ndani ya kofia ya kioo.

(Wanaosema watu wa hapa hawana historia ya kombania za mkusanyiko wawasome waliosimulia kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, kati ya 1696 na 1698. Katikati ya mwaka 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno karibu wote, na ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika waliokuwemo ndani, wanawake wakiwa miongoni mwa waliolinda kuta. Jeshi rasmi lilikuwa limekwisha kufa, na lindo likaendelea.)

Sasa nieleze kombania yenyewe. Iko Mwezini, upande ule unaoitazama Dunia daima, na kapteni wake alipelekwa huko kwa kosa la kutii. Aliandikiwa asiruhusu gari lolote kuingia kambini bila kibali, akalizuia gari la jenerali kwa saa nne, huku jenerali akiwa ndani anatokwa na jasho na kibali kikiwa mezani mwa jenerali mwenyewe. Jeshi haliwezi kumshtaki mtu kwa kutii, kwa hiyo likampandisha cheo na kumpeleka mahali pasipo na magari. Chini yake yuko Mama Stoo, mshika stoo ambaye uraiani alikuwa na duka Majengo na ambaye hatoi hata soksi bila kuandika kwenye daftari la mkopo. Yuko Manamba, aliyekuwa akipakia abiria kwenye matatu, ambaye haamini kwamba chombo chochote kimejaa. Yuko Ustadhi, aliyejiunga na jeshi kwa sababu fomu ya kazi ya ualimu na fomu ya jeshi zilikuwa kwenye dirisha moja. Na yuko Karani, kijana aliyefeli kila mtihani wa kulenga shabaha, lakini anazijua sheria za kimataifa kwa kichwa.

Karani ndiye uti wa mgongo wa hadithi, kwa kuwa sheria ya anga imenirahisishia kazi kuliko nilivyotarajia. Mkataba wa Anga za Juu, ulioanza kutumika Oktoba 1967, unakataza katika ibara yake ya nne kujenga kambi za kijeshi, kujaribu silaha na kufanya mazoezi ya kivita Mwezini au kwenye sayari yoyote. Ibara hiyo hiyo inasema haikatazwi kuwatumia wanajeshi kwa utafiti au kwa shughuli nyingine za amani. Kwa maneno mengine, askari anaruhusiwa kuwa Mwezini ilimradi asifanye uaskari. Nilipoisoma ibara hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nusu ya riwaya ilikuwa imekwisha kuandikwa na wanadiplomasia. Makao makuu yanamwagiza kapteni awapigishe watu wake kwata kila asubuhi. Karani anauliza kama kwata ni zoezi la kivita. Kapteni, ambaye hataki tena kuadhibiwa kwa kutii, anaandika barua kuuliza. Na wakati jibu linangojewa kombania inafanya utafiti wa kisayansi wa namna binadamu anavyotembea kwa mstari, mguu wa kushoto ukitangulia.

Kwata yenyewe Mwezini ni mtihani. Mvutano wa huko ni sehemu moja ya sita ya huu wetu, na mtu anayepiga mguu chini kwa nguvu aliyofundishwa Duniani hupaa. Amri ya "mguu sawa" inapotolewa, safu nzima inaondoka ardhini kwa pamoja, na kwa kuwa hakuna wawili wenye uzito na hasira sawa, kila mmoja anarudi kwa wakati wake. Sajini, mtu wa kanuni, ameandika katika taarifa yake kwamba kombania ina nidhamu ya hali ya juu wakati wa kupanda, na kwamba tatizo liko katika kushuka.

Mzee mmoja wa barazani kwetu, aliyestaafu kutoka jeshi la majini, ndiye msomaji wangu mkali. Nilimsomea sehemu hiyo akanikatiza. "Mwanangu," akaniambia, "kwata umeipata, lakini mbona viatu havijakaguliwa? Jeshi bila ukaguzi wa viatu nani atakuamini?" Nikaenda kusoma habari za vumbi la Mwezini, nikavumbua hazina kubwa. Huko hakuna upepo wala maji ya kuzisugua chembe za vumbi, kwa hiyo zina ncha kali mithili ya vigae vilivyopasuka, na hung'ang'ania kila kitu. Wanaanga wa Apollo walisema lilinuka kama baruti iliyokwisha kulipuka. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyekwenda na Apollo 17 mwezi Desemba 1972, lilimziba pua na kumwasha kama mtu mwenye mafua ya chavua. Sasa mweke askari hapo, mpe brashi na kopo la rangi ya viatu, umwambie kwamba mkaguzi anataka kuuona uso wake katika ncha ya buti. Kila akisugua, vumbi linakwangua ngozi ya buti na kulitia michirizi mipya. Askari wangu mmoja anasugua mpaka buti linatoboka, na anapelekwa mbele ya kapteni kwa kosa la kuharibu mali ya serikali kwa kuisafisha kupita kiasi. Mzee alipousikia ukurasa huo alicheka mpaka akaishika meza, kisha akasema yeye alikwisha kuliona jambo hilo Mtongwe bila hata kwenda Mwezini.

Sura ninayoipenda zaidi ni ya lindo. Kanuni ya lindo inajulikana: mlinzi akisikia mtu anakaribia, anasema "Simama! Nani huyo?", anadai neno la siri, na asipolipata anachukua hatua. Usiku mmoja wa saa za kituo, Manamba akiwa zamuni, mlango wa chuma unagongwa. Nje hakuna sauti, lakini chuma hubeba mtikisiko, na yeye aliyeegemeza kofia yake ukutani anausikia vizuri: mara moja, kimya kidogo, mara ya pili, kimya kidogo, mara ya tatu. Mtu aliyelelewa Kisauni akibishiwa hodi mara tatu kwa adabu namna hiyo ana jibu moja tu kinywani, nalo linatoka kabla ya kanuni kukumbukwa. "Karibu," anasema Manamba, na anafungua.

Wanaoingia ni kikosi cha upande wa pili, maafisa wanne waliotumwa kupeleleza, ambao walipanga kila jambo isipokuwa hili. Walikuwa na maelezo ya kufanya endapo watazuiwa, endapo watashambuliwa, endapo watakamatwa. Hakuna aliyewaandikia la kufanya endapo wataambiwa "karibuni, vueni viatu, mna njaa?" Dakika kumi baadaye wameketi kwenye jamvi, Mama Stoo anawaandikia chai kwenye daftari chini ya jina la nchi yao, na kapteni anasimama mlangoni akijua kwamba amemaliza kazi yake ya jeshi. Hapo Karani anafungua mkataba ule ule. Ibara ya 12 inasema vituo vyote vilivyo Mwezini vitakuwa wazi kwa wawakilishi wa nchi nyingine zilizotia saini, ilimradi nazo zifanye vivyo hivyo, na ilimradi wageni watoe taarifa ya kutosha kabla ya kuja. Kwa mujibu wa sheria, mlinzi aliyefungua mlango ndiye mtu pekee katika kituo hicho aliyefanya sawa. Mjadala unaobaki ni kama hodi tatu ni taarifa ya kutosha, na wapelelezi wenyewe, ambao kwa wakati huo wamefikia chapati ya pili, wanakubali kuweka saini kwamba ilitosha.

Chapati imo hapo kwa sababu. Mwezi Machi 1965, John Young aliingiza kwa siri mkate wa nyama katika chombo cha Gemini 3, ukaanza kupukutika, na ingawa mambo hayakuharibika, habari ilifika mpaka bunge la Marekani likataka maelezo, kwa sababu makombo yanayoelea yanaweza kuingia kwenye mitambo au machoni mwa watu. Miaka mingi sasa wanaanga hutumia mikate bapa ya Kimeksiko, ambayo haipukutiki, na mtu yeyote wa hapa akiiona atasema hiyo ni chapati iliyokosa samli. Kwa hiyo Mama Stoo amepiga marufuku mahamri njiani, kwa hoja ya kisayansi kabisa, na chombo kizima kikagawanyika kati ya wanaokubali mbaazi kwa chapati na wanaosema huo ni mwanzo wa kuanguka kwa ustaarabu. Sikuirefusha sana sura hiyo. Vichekesho vya chakula huisha utamu haraka.

Nilichokirefusha ni mwandamo. Mombasa, kila mwaka Ramadhani inapokaribia, na tena inapokwisha, watu huangaza macho magharibi baada ya jua kuzama, simu zinapigwa Lamu na Tanga na Unguja, na mjadala wa kufuata mwezi wa hapa au wa kwingineko unaanza upya ukiwa na nguvu zake zote. Sasa iweke kombania ya Kiswahili juu ya mwezi wenyewe. Jioni ya tarehe 29 Shaabani makao makuu yanatuma fomu ya dharura yenye swali moja: "Je, mwezi umeonekana? Jibu: Ndiyo au La." Kapteni anatazama chini, anauona. Anasita. Anamwita Ustadhi.

Ustadhi anakataa katakata kutoa ushahidi, na hoja yake nimeijenga kwa uangalifu kwa kuwa sikutaka mtu aicheke dini, nilitaka acheke fomu. Anasema kinachoulizwa ni kuandama kwa hilali mbele ya macho ya watu walioko ardhini, na mtu aliye ndani ya nyumba hawezi kuapa kwamba taa yake inaonekana barabarani. Zaidi ya hayo, anamweleza kapteni, kutoka Mwezini mambo ni kinyume: usiku ule Mombasa wanapotafuta uzi mwembamba wa hilali, sisi huku tunaiona Dunia karibu imejaa, duara kubwa la buluu, upana wake karibu mara nne ya mwezi unavyoonekana kutoka Pwani, nayo haichomozi wala haitui, imetundikwa pale pale. Kapteni anauliza basi aandike nini, Ndiyo au La. Ustadhi anajibu kwamba aandike "Tunawasubiri nyinyi." Kisanduku hakina nafasi ya maneno mawili. Ujumbe unakwenda bila jibu, makao makuu yanatafsiri kimya hicho kuwa kituo kimevamiwa, na kikosi cha uokozi kinaamshwa usiku wa manane.

Mambo haya hayakutoka hewani. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga wakati wa Ramadhani, na baraza la fatwa la nchi yake likatoa mwongozo wa ibada angani. Kituo kile huizunguka Dunia kwa takriban dakika 90, maana yake macheo na machweo 16 kwa siku, na kama mtu angefuata jua la dirishani angekuwa na sala themanini. Mwongozo ukasema nyakati zifuate mahali aliporukia, yaani Baikonur, na kibla kielekezwe kadiri ya uwezo: kwenye Kaaba ikiwezekana, isipowezekana kwenye mahali palipo juu yake, la sivyo kwenye Dunia, la sivyo popote. Niliposoma mpangilio huo niliona tofauti kubwa kati ya wanazuoni wale na makao makuu ya hadithi yangu: wao walimwandikia mtu halisi, aliyebanwa kwenye chombo kinachozunguka, wakamwachia nafasi ya kushindwa. Ustadhi wangu ameubandika mwongozo huo juu ya kitanda chake. Kibla cha Mwezini ni chepesi mno, anawaambia wenzake: inua macho.

Kuna jambo dogo la mawasiliano ambalo sikuliacha. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 kwa wastani, na sauti ya redio huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Kwa mtu wa salamu fupi hilo si kitu. Kwa Mama Stoo, ambaye hawezi kuomba betri kabla hajauliza habari za nyumbani, za wazee, za watoto, za joto na za biashara, na kungoja kila jibu lifike, ombi la betri linachukua sehemu ya kuheshimika ya asubuhi. Makao makuu yalimpelekea onyo la maandishi. Yeye akalijibu kwa barua iliyoanza na salamu za ukurasa mzima.

Sehemu iliyonisumbua, na bado inanisumbua, ni kifo. Hadithi nyingi za mkondo huu zinakiepuka. Wasiofaa wanashinda, adui anaaibika, hakuna anayezikwa. Mimi naishi mji ambao una sanamu za askari katikati yake, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu katika Vita vya Kwanza, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Mwaka 1914 mkulima wa Kiingereza aliyeitwa Arthur Wavell, ambaye kabla ya hapo alikwenda Makka akiwa amejibadilisha sura, aliwakusanya Waarabu wa Mombasa akawafanya kombania. Ukiisoma mwanzo wake utadhani ni kichekesho kimeanza, na mwaka 1916 aliuawa Mwele, yeye na baadhi ya watu wake. Kwa hiyo katika hadithi yangu yuko mtu mmoja asiyerudi kutoka doria, na sura hiyo haina mzaha hata mmoja, isipokuwa kwamba Mama Stoo anakataa kulifuta jina lake kwenye daftari la mkopo. Mwenzangu mmoja anasema sura hiyo inaharibu kitabu. Sitaiondoa.

Kwa sasa nimefikia sura ya malipo, ambayo mzee mstaafu aliidai kwa ukali, akisema askari asiyeuliza posho ya safari ni wa kutungwa. Kanuni inasema afisa anayehamishiwa kituo kipya atalipwa kwa kilomita, kwenda na kurudi, na fomu ya madai ina visanduku vinne vya tarakimu, kwa kuwa aliyeichora hakufikiria kituo kilicho mbali zaidi ya kilomita 9,999. Kapteni anaambiwa na mhasibu kwamba safari isiyoingia kwenye fomu haikufanyika. Karani anapiga hesabu usiku kucha, kilomita 768,800 zigawanywe kwa 9,999, na asubuhi anamwekea kapteni mezani fomu 77, zote zimejazwa vizuri, kila moja ikionyesha sehemu ya njia ambako hapakuwa na mji, hoteli wala mtu wa kugonga muhuri. Zinakwenda Mombasa na chombo cha mwezi ule. Zinarudi na chombo cha mwezi unaofuata, zote 77, na karatasi moja juu yake: mwombaji hakutaja namba ya usajili ya gari.